Nani Ana Ufunguo? Hii Maneno ya Kuishi kwa Usaidizi Tuifungue Polepole

Siku hizi hapa Nakuru ukitupa jiwe linaangukia mtu mwenye ndugu yake ako Uingereza anafanya kazi ya ulezi. Na stori zao zinatufikia nusu nusu kwa simu, nusu ingine tunajazia wenyewe. Kwa grupu yetu ya familia ilikuwa hivi: binamu yangu alituma picha akiwa jikoni na majamaa wawili watu wazima wanakata vitunguu, akaandika ati hao ndio wateja wake na hiyo ni nyumba yao. Mjomba akauliza, ni nyumba ya wazee? Hapana, mmoja ana miaka 29. Basi ni hosipitali? Hapana. Ni kama Mathari, ile hosipitali ya wagonjwa wa akili pale Nairobi? Hapana jameni, wanaishi kwao. Sasa kama wako kwao wewe unafanya nini hapo, si useme tu wewe ni hausigeli wa wazungu. Watu wakacheka, emoji zikajaa, mpaka shangazi yangu wa Kiamunyi, ambaye huwa haandiki kitu zaidi ya "Amina", akatuma sauti ya sekunde chache tu. Ana kijana wa miaka 34 mwenye sindromu ya Down. Aliuliza: "Na huku kwetu, mimi nikishaondoka, huyu wangu ataishi na nani?"

Grupu ikanyamaza. Hakuna aliyejibu mpaka kesho yake, na huyo aliyejibu alisema tu Mungu atatenda.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikimsumbua binamu kwa simu na kusoma hii kitu, juu niliona tunachanganya mambo kama manne kwa sufuria moja. Wacha nianze na jina lenyewe.

Waingereza wakisema mtu ana "learning disability" hawamaanishi yule mtoto ambaye herufi zinamruka akisoma lakini kwa hesabu za kichwa anawashinda nyote. Hiyo ni kitu ingine. Wanamaanisha ulemavu wa akili: mtu anaelewa mambo mapya polepole, anahitaji usaidizi kwa shughuli za kila siku kama pesa, kupika, kusafiri, kumeza dawa kwa wakati, na hali hiyo ilianza kabla hajawa mtu mzima na itakuwa naye maisha yote. Sababu ni nyingi. Kuna kuzaliwa na kromosomu namba 21 ya ziada, hiyo ndio sindromu ya Down. Kuna mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuna ile manjano ya watoto wachanga ikikosa kutibiwa, kuna homa ya uti wa mgongo, na watu wa Kisumu, Busia na Kakamega wanajua malaria ikipanda kwa ubongo wa mtoto inaweza kumwachia nini hata akipona. Laana haimo kwa hiyo orodha. Wala dhambi ya mama.

Na si ugonjwa wa akili. Hapa ndio mjomba alipotelea aliposema Mathari. Ugonjwa wa akili, kama msongo mkali au kusikia sauti, unaweza kumpata yeyote saa yoyote, unatibiwa, unaweza kuisha. Ulemavu wa akili hautibiwi kwa dawa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ndio, na hapo kunakuwa na kesi ya pekee, lakini kumpeleka mtu wodi ya magonjwa ya akili juu tu ni mwepesi wa kucheka na mzito wa kuhesabu ni kumpeleka fundi wa viatu na redio iliyoharibika.

Sasa nyumba. Nilipata shida kuelewa mpaka nikafikiria bodingi. Uliyesoma bodingi unakumbuka: kitanda, chakula, sheria, kengele, adhabu, vyote vinatoka kwa mkono mmoja. Ukigombana na matroni huwezi kumfuta, ni wewe utahama. Nyumba ya matunzo, ile kampuni moja inakupa chumba na pia inakuosha na kukulisha, iko karibu na hiyo. Kuishi kwa usaidizi, ambayo wao huita supported living, ni kama wewe umepanga bedsita pale Shabab kwa jina lako, mkataba wako na landilodi, halafu kando kabisa kuna mama anakuja kukufulia. Mama wa kufua akianza kuiba sabuni unamwachisha na nyumba inabaki yako. Huyo binamu ni mama wa kufua, kwa heshima zote. Karatasi ya nyumba ni ya wale majamaa, karatasi ya ulezi ni ya kampuni yake, na kampuni haiwezi kuamka asubuhi moja ikasema wewe ni msumbufu toka hapa.

Ama ndio inafaa iwe hivo. Kuna sehemu landilodi na kampuni ya ulezi ni watu walewale wamevaa kofia mbili, na hapo ukilalamika kuhusu huduma unaanza kuogopa kitanda chako. Ndio maana swali la kwanza kabisa la usalama si kama kuna kamera ama geti. Ni kama mtu anaweza kubadilisha mlezi bila kupoteza nyumba.

Kazi ya mlezi mwenyewe nitaifananisha na makanga, si dereva. Abiria ndiye anajua anashukia wapi. Makanga anakukumbusha stage imefika, anakushikia mzigo, anakuambia tahadhari kuna shimo, anapiga bodi gari isimame. Makanga akianza kuamua ati leo nyote mnashuka Njoro juu mimi nimechoka, hiyo si huduma tena. Nyumba nyingi mbaya hazina mtu anayepiga mtu. Zina makanga aliyejigeuza dereva.

Ni vizuri kujua hii kitu ilitoka wapi, juu watu huongea kana kwamba ni anasa ya wazungu. Ilitoka kwa aibu. Mwaka 2011 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha picha za kamera ya siri kutoka Winterbourne View, hosipitali ya kibinafsi karibu na Bristol iliyokuwa na watu wenye ulemavu wa akili na usonji. Wafanyakazi wanawachapa wagonjwa, wanawakalia, wanamwagia mtu maji ya baridi nje kwa baridi. Muuguzi mmoja aliyefanya kazi hapo alikuwa amelalamika kwa wakubwa na kwa wakaguzi kabla ya kwenda kwa BBC na hakusikizwa. Watu 11 walipatikana na hatia, 6 wakafungwa mwaka 2012. Na hapo serikali ilikuwa inalipa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Kwa wiki. Kwa hivyo yule anayeniambia shida yetu ni pesa tu, namuonyesha hiyo hesabu.

Baada ya hapo serikali ya huko ikaahidi kwamba kufika Juni 2014 watu wasio na sababu ya kuwa hosipitali watakuwa wametoka wakaishi mitaani kama watu wengine. Tarehe ikapita. Mpaka miaka ya karibuni kulikuwa bado na watu takriban 2,000 wenye ulemavu wa akili ama usonji kwa hosipitali za aina hiyo Uingereza. Lakini maelfu wengine wako nyumbani mwao na watu kama binamu yangu, na ndio swali la ubora likahamia huko: kama mtu ametolewa kwa jengo kubwa lenye wakaguzi akawekwa kwa nyumba ya watu watatu kwa kichochoro, nani anaona kinachoendelea ndani?

Kuna tume inaitwa CQC, hiyo ni ya England peke yake, Scotland na Wales wana zao. Kwa nyumba za matunzo tume inakagua kila kitu, ulezi na jengo. Kwa kuishi kwa usaidizi inakagua ulezi tu, juu nyumba ni ya mpangaji na huwezi kuingia kwa mtu kukagua sufuria zake kama hataki. Wanauliza mambo matano: ni salama, inafanya kazi, ina utu, inajibu mahitaji ya mtu mwenyewe, inaongozwa vizuri. Halafu wanatoa alama ambayo iko hadharani, kuanzia bora kabisa mpaka mbovu. Inasikika poa, na ni poa, lakini hapo kuna mtego ambao hata familia za huko huangukia. Kampuni moja inaweza kuwa na nyumba nyingi chini ya ofisi moja, na alama ni moja ya ofisi. Fikiria sako ya matatu. Sako inaweza kuwa na jina safi mjini mzima, lakini wewe hausafiri na sako, unasafiri na ile gari moja na yule dereva mmoja wa saa kumi na moja asubuhi.

Sasa tufike kwa kile kinachoua, juu ukiuliza watu wengi usalama ni nini watakuambia mlango ufungwe asipotee. Kupotea ni hatari, sikatai. Lakini England wana mpango unaitwa LeDeR unaopitia vifo vya watu wenye ulemavu wa akili kimoja kimoja, na picha inayotoka hapo si ya watu waliopotea. Wanakufa takriban miaka 20 mapema kuliko watu wengine, na kwa ripoti ya vifo vya 2022 asilimia 42 vilikuwa vifo vya kuepukika, wakati kwa watu wengine ni kama 22. Wanakufa na nimonia. Wanakufa na kifafa. Wanakufa na tumbo kufunga, ndio umesoma vizuri, choo kukataa kutoka wiki mbili tatu mpaka utumbo unaharibika, na mtu hana maneno ya kusema tumbo linauma kwa hivyo anapiga kichwa ukutani, na anayemuangalia anaandika "leo amekuwa mkali".

Hiyo sentensi ya mwisho ndio kiini cha mambo mengi. Mtu mwenye ulemavu akibadilika tabia, watu wanasema ni ulemavu wake. Hata daktari. Jino linaoza, ni ulemavu. Sikio limejaa usaha, ni ulemavu. Mlezi mzuri ni yule anauliza: jana alikuwa hivi? Kama jana hakuwa hivi, basi kuna kitu. Ndio maana kwa nyumba nzuri utakuta kuna daftari ya choo, na usicheke, ni daftari inayookoa maisha kuliko geti la chuma.

Binamu alinionyesha kitu kimoja kwa video nikaelewa zaidi ya kurasa zote nilizosoma. Ilikuwa saa ya chai. Alichemsha chai ya kawaida, akamimina kwa kikombe, akachukua kopo la unga mweupe hivi, akapima kijiko, akaweka, akakoroga na uma badala ya kijiko ili usifanye madonge, akasubiri. Chai ikawa nzito kama uji wa mtoto. Shangazi alikuwa ameketi kando yangu akasema, "Hiyo ni uji ama ni adhabu?" Kumbe mmoja wa wale majamaa kumeza kwake ni kugumu, kitu chepesi kama maji kinakimbia haraka kuliko koo lake na kinaingia kwa mapafu. Mara moja, mara mbili, hiyo ndio nimonia. Kuna mtaalamu wa kumeza aliyempima akasema uzito wa kinywaji chake uwe kiasi gani, na kuna mizani ya kimataifa ya vinywaji na vyakula, kutoka 0 mpaka 7. Halafu binamu akakaa naye, akamwacha anywe kwa mwendo wake, ilichukua kama dakika ishirini. Hakumshikia kikombe. Nikamuuliza kwa nini usimnyweshe mkamaliza, akaniambia yeye anaweza kushika kikombe, mimi nikishika nitakuwa nimemnyang'anya.

Shangazi hakusema kitu. Baadaye aliniambia huyu wake hukohoa sana akinywa maji na yeye amekuwa akidhani ni haraka.

Kifafa nacho. Watu wenye ulemavu wa akili wanakipata zaidi sana kuliko wengine, kama mmoja kwa kila watano. Mwaka 2013 kijana wa miaka 18 mwenye kifafa alikufa maji ndani ya bafu kwa kituo cha afya cha umma huko Oxford, ameachwa kuoga peke yake. Kituo kilikuwa na wauguzi na madaktari. Kile hakikuwa nacho ni mtu wa kukaa nje ya mlango akisikiza. Sasa hapa kuna ule ugumu wa hii kazi ambao nataka uuone: mtu ana haki ya kuoga bila kuangaliwa, na pia anaweza kufa akioga. Jibu si kumuogesha kama mtoto, na si kumwacha na Mungu wake. Jibu ni shawa badala ya bafu la kujaza maji, mlango usiofungwa kwa komeo, mtu nje anaongea naye kuhusu mpira. Heshima na usalama zinapatana kwa vitu vidogo vidogo kama hivo, na vinatafutwa mtu kwa mtu, havitoki kwa sheria ya jumla.

Usiku pia una siasa yake. Kuna shifti ya kukesha, mlezi yuko macho, na kuna ya kulala hapohapo, mlezi analala kwa chumba chake na kuamka akiitwa. Machi 2021 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba anayelala hapohapo hana haki ya mshahara wa chini wa kila saa anayolala, ni zile saa ameamka kufanya kazi ndio zinahesabiwa. Unaona vile pesa inaingilia: kukesha ni ghali, kulala ni rahisi, na mtu mwenye kifafa cha usiku anahitaji nani? Swali kama hilo linafaa lijibiwe na hali yake, si na bajeti. Mara nyingi bajeti ndio hujibu.

Turudi kwa mlango. Kuna imani ambayo hata mimi nilikuwa nayo, ati mtu akifungiwa kwa upendo hajafungiwa. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ya juu iliangalia kesi ya watu wenye ulemavu wa akili waliokuwa wanaishi sehemu nzuri tu, wanatunzwa, hawalalamiki. Jaji Lady Hale akasema maneno yaliyobaki, kwamba kizimba cha dhahabu bado ni kizimba. Kipimo kikawa rahisi: je, mtu anaangaliwa na kuongozwa kila saa, na je, ako huru kuondoka? Kama jibu ni ndio kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na mwenyewe hana uwezo wa kuukubali huo mpango, basi amenyimwa uhuru, hata kama kuna televisheni kubwa, na lazima mtu wa nje aidhinishe. Kwa wale wanaoishi kwa usaidizi, ruhusa hiyo inatoka mahakamani. Si kwamba haiwezekani kumzuia mtu asikimbilie barabara. Inawezekana, lakini huwezi kujiamulia peke yako jikoni.

Na sheria yao ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inaanzia pahali ambapo sisi huwa hatuanzii. Inaanza na kwamba kila mtu mzima anaweza kuamua mpaka ithibitishwe vingine, na kwa jambo hilo moja, si kwa maisha yote. Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa shamba na akaelewa vizuri kabisa kwamba anataka soda mbili na si moja. Kuamua vibaya pia si ushahidi wa kukosa akili. Kama ingekuwa hivo, wangapi wetu tungebaki na vitambulisho baada ya zile beti za Jumamosi.

Hapo ndio ile kauli ya "ana akili ya mtoto wa miaka mitano" inanikera. Mtoto wa miaka mitano hajaishi miaka 34. Hajamzika baba yake. Huyu kijana wa shangazi anajua nani alimcheka kanisani mwaka juzi na hamsalimii mpaka leo.

Sasa huku kwetu. Hatuna tume inayozunguka kukagua nyumba za watu wazima wenye ulemavu wa akili na kubandika alama. Kwetu mfumo ni mama. Mama akichoka ni dada, dada akiolewa ni hausigeli, na hausigeli hajawahi kufunzwa mtu mwenye kifafa alazwe upande gani. Ni ubavu, usimuwekee kijiko mdomoni, tafadhali. Serikali inatoa ile shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali, ikifika. Kwa karatasi tuko vizuri: Katiba ya 2010 kifungu cha 54, mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na ambao kifungu chake cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu achague anaishi wapi na nani, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria ya Watoto nayo inaacha mlango wa kuomba mahakama iongeze wajibu wa mzazi mtoto akishapita miaka 18, kama hawezi kujikimu. Wazazi wengi hawajawahi kuisikia hiyo.

Kuna wanaosema basi tujenge senta kubwa, ya kaunti, yenye ukuta, tuwaweke hapo wawe salama. Nawaelewa, hasa mama ambaye ana miaka 68 na magoti yameisha. Lakini kamati ya huo mkataba wa Umoja wa Mataifa iliandika mwaka 2017 kitu ambacho kinafaa kusomwa kwa kila harambee ya senta: taasisi si ukubwa wa jengo. Hata nyumba ya watu watano, hata ya mtu mmoja, ni taasisi kama wewe huchagui unakula nini, unalala saa ngapi, nani anaingia chumbani kwako. Na nikaogopa, juu kwa kipimo hicho nyumba ya shangazi wangu mpendwa ni taasisi. Ufunguo wa geti huvaa shingoni kwa kamba ya rangi ya samawati. Akienda Wakulima kuuza sukuma anafunga, kijana anabaki ndani mpaka saa nane, na jiko la gesi liko hapo. Hafanyi kwa ubaya. Miaka kadhaa iliyopita kijana alitoka akapatikana karibu na barabara ya kuelekea Eldoret, na tangu hapo moyo wake haujarudi mahali pake. Lakini moto ukishika siku moja, ufunguo uko Wakulima.

Na kuna kingine tunachoongea kwa sauti ya chini. Anayemdhulumu mtu mwenye ulemavu wa akili, kwa mwili ama kwa pesa, mara nyingi ni mtu anayejulikana nyumbani. Ukuta haumzuii, juu ako ndani. Anayemzuia ni macho mengi: jirani anayeingia bila hodi, mwalimu wa zamani, kwaya, kocha wa Special Olympics, ile michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, muuza duka anayemjua kwa jina. Mtu mwenye marafiki watano wasiolipwa ana ulinzi kuliko mwenye walinzi watano wa kulipwa. Huko Uingereza hii ndio shida yao kubwa kwa maoni yangu, mtu ana nyumba, ana walezi wa zamu, na hakuna hata mmoja anayemtembelea ambaye hajaandikwa kazi. Hapo sisi tuna kitu, tukiacha kukificha kwa chumba cha nyuma wageni wakija.

Walezi wenyewe nao tuwaseme kidogo, juu ni watoto wetu. Viza ya ulezi ilifunguliwa Februari 2022, Machi 2024 wakakataza kwenda na familia, na tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kuajiri walezi wapya kutoka nje. Kwa hivyo ajenti anayekuambia saa hii utoe malaki ya kwenda kulea Uingereza, muulize viza gani hiyo. Lakini kwa ubora ina maana ingine. Mlezi ambaye viza yake imeshikwa na kampuni moja akiona mwenzake anamfinya mteja, atasema? Atafikiria mkopo wa sako kwanza. Nyumba salama inahitaji mfanyakazi asiyeogopa, na huwezi kumuweka mtu roho juu halafu umdai ushujaa.

Kama uko na mtu wako kwa nyumba ya aina yoyote, ya kulipia ama kwa ndugu kijijini, mimi ningeenda bila kupiga simu. Ningeangalia mswaki, ni mkavu ama umetumika. Ningeuliza mwaka huu walezi wangapi wameacha kazi, mara ya mwisho alikasirika juu ya nini na walifanya nini, pesa zake risiti ziko wapi. Ningeuliza yeye mwenyewe, kando, hata kama jibu lake ni kuonyesha kwa kidole. Na ningeangalia ufunguo uko kwa nani.

Shangazi tulikaa naye Jumapili moja na daftari ya kurasa 96, tukaanza kuandika ule mpango wa mtu ambao binamu anasema ndio wanaanza nao kazini. Jina. Dawa ya kifafa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Akikohoa akinywa maji, apelekwe akapimwe kumeza. Akisema "gari" anamaanisha anataka kutoka. Ufunguo wa pili uende kwa mama wa duka, na huyo mama alikubali palepale, akashangaa kwa nini hakuombwa miaka yote hiyo. Tukafika kwa chakula. Shangazi akasema andika anapenda githeri sana. Kijana alikuwa kwa kiti cha pembeni anatoa ganda la mandarini, hakuinua macho.

"Si mimi," akasema. "Ni mama anapenda."